Andiko la ruzuku ya ubunifu: mshauri wa kulipa, mshauri wa asilimia, au SIDO na vituo atamizi?

BintiZiwa (Mwanza)
Wakuu, habari za kazi. Natengeneza kaushio la dagaa linalotumia jua: fremu ya mabomba, nailoni juu, trei za wavu ndani. Dagaa hawaanikwi mchangani, na mvua ikija hawaozi. Moja linafanya kazi mwaloni, akina mama wanalikodi. Nataka ruzuku nitengeneze mengine. Dirisha la ruzuku ya Tony Elumelu, taasisi ya Nigeria inayosaidia wajasiriamali wa Afrika, hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 1, na kuna mifuko mikubwa zaidi naifuatilia.

Kiingereza cha wafadhili kinanishinda, kwa hiyo natafuta msaada. Mshauri wa kwanza yuko Dar, anataka milioni moja na laki mbili, nusu mbele. Wa pili hataki hata senti sasa, anataka asilimia 15 ruzuku ikitoka. Njia ya tatu ni SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, au kituo atamizi, yaani kituo kinacholea biashara changa. Aliyepita huko anilinganishie. Naomba tujadili hapahapa, sihitaji kutumiwa namba za mawakala.

MzeeWaHesabu (Dodoma)
Binti yangu, nianze na huyo wa asilimia, maana ndiye anayeonekana rahisi kuliko wote.

Fedha ya ruzuku inakuja na bajeti yenye mistari. Mabomba, wavu, ujira wa fundi, usafiri, mafunzo kwa watumiaji. Hakuna mstari wa kumlipa aliyekuandikia ombi, na mikataba mingi inakataa wazi gharama zilizofanyika kabla ya kusainiwa. Sasa jiulize hiyo 15 itatoka wapi. Ukipata milioni 40, yeye anadai milioni 6. Kama huna milioni 6 zako pembeni, atakuelekeza "kurekebisha" bei: kaushio la milioni mbili linaandikwa milioni mbili na laki tatu na ushee. Mkaguzi akija ataomba risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, hati za malipo za benki na nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Atakayekaa mbele yake ni wewe uliyesaini. Mshauri hatakuwepo.

Halafu ruzuku haiji kwa mkupuo. Awamu ya kwanza inaweza kuwa theluthi tu, na yeye atataka chake chote humo. Kazi inasimama kabla haijaanza, na usipotimiza kazi ya awamu ya kwanza, ya pili haiji.

KalamuYaDar
Mimi kuandika maandiko ndiyo kazi yangu, na katika hilo la asilimia nakubaliana na Mzee. Silipokei. Ila nitatetea malipo ya kazi maalumu, kwa sababu watu wanadhani wananunua Kiingereza. Kiingereza ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Mteja ananiletea sentensi hii: "Mradi wetu utawakomboa kiuchumi wanawake wa Kanda ya Ziwa." Msomaji wa mfuko ameshakutana nayo kwenye kila ombi asubuhi hiyo. Nakaa na mteja nauliza: mwalo gani? Wangapi wanakodi leo? Wanalipa shilingi ngapi kwa trei? Dagaa wa mchangani wanauzwaje, na wa kwenye trei wanauzwaje, soko lilelile siku ileile? Msimu wa mvua wanatupa ndoo ngapi? Tukimaliza, sentensi yenyewe inageuka kuwa bei mbili na daftari la mauzo la kuzithibitisha. Kazi ya mshauri iko hapo, kukuuliza hadi useme unachokijua.

Kwa hiyo BintiZiwa, huyo wa milioni moja na laki mbili usimkatae wala usimkubali bado. Mwombe aigawe kazi. Kwanza asome vigezo vya mfuko na akuambie kwa maandishi kama unafaa, hiyo uilipie kidogo. Kisha mchanganuo wa biashara. Kisha rasimu. Kisha marekebisho mfuko ukirudisha maswali. Unalipa kila kipande kikifika. Nusu mbele kwa kazi ambayo hata hajasoma vigezo vyake ni kubwa mno. Na umuulize ni lini mara ya mwisho alimwambia mteja kwamba mfuko fulani haumfai. Kama hajawahi, achana naye.

Mlima_Moshi
Kwa Tony Elumelu usimlipe mtu yeyote. Kuomba ni bure, fomu iko kwenye mtandao wao wa TEFConnect, na maswali ni mafupi: tatizo ni nini, mteja ni nani, unapataje pesa. Mtaji ni dola 5,000, na waombaji wanatoka nchi zote 54 za Afrika. Ukipita kuna mafunzo, mchanganuo wa biashara, halafu unajieleza mwenyewe mbele ya waamuzi. Mtu akikujazia fomu utakwama huko mbele. Andika kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno unayowaambia wateja mwaloni, halafu mpe mwalimu wa Kiingereza unayemwamini akutafsirie na kukusomea. Soma pia kigezo cha umri wa biashara kabla hujaanza, wengi wanakosa kwa hicho.

FundiMitambo (Morogoro)
Mnaisahau SIDO. Ipo tangu 1973, ina ofisi kila mkoa, na maafisa wake wamezoea watu wenye mashine na karakana. Mchanganuo wa gharama za kaushio wataufahamu kuliko mshauri wa Dar ambaye hajawahi kushika bomba la fremu. Na dagaa wako watahitaji nembo ya TBS, shirika la viwango, siku moja. Wajasiriamali wadogo huenda TBS na barua ya utambulisho ya SIDO, kwa hiyo ukijulikana pale umeua ndege wawili.

Nenda pia TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Mwanza hapohapo. Barua ya watafiti wa samaki kwamba wameliona kaushio lako ina uzito kuliko kurasa za maneno matamu.

Kwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza 2019. Yana kundi la mfumo usio rasmi, kwa watu kama sisi tusio na chuo nyuma yetu. Fuatilia na programu ya FUNGUO iliyo chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hiyo ni ya kampuni changa.

Neema_Kihesa
Vituo atamizi navyo visisifiwe bila kuulizwa maswali. Nilikuwa kwenye kimoja, sitakitaja. Mafunzo yalikuwa ya jumla, kundi zima pamoja, na andiko langu lilisomwa na mtu mwenye lundo la maandiko mezani. Alinirudishia na alama za kuuliza tu pembeni. Nilichopata cha maana ni wenzangu, tulisomeana. Vingine vinaomba hisa kwenye kampuni kama malipo ya "huduma ya bure". Soma kabla ya kusaini.

Odhis_Kisumu
Dada BintiZiwa, hujambo. Niko upande wa pili wa ziwa, nasindika omena, yaani dagaa. Kwa mifuko mikubwa ya biashara kama AECF ya Nairobi, andiko si shida pekee. Wanataka na wewe uweke mchango wako, na wanataka kuuona kwenye hesabu. Hapo ndipo nililipa mtaalamu, kwa makadirio ya fedha peke yake. Maneno niliandika mwenyewe.

Tulikaa naye mezani mstari kwa mstari. Kwa nini gharama ya usafiri inapanda hapa, kwa nini mauzo yanashuka mwezi huu. Usaili ulipofika, swali la kwanza halikuwa juu ya ubunifu. Waliniuliza mbona mauzo yanaruka Agosti. Nikajibu papo hapo, maana hiyo Agosti niliiweka mimi kutoka kwa daftari langu. Niliyekaa naye foleni alikuwa na andiko zuri la kuandikiwa, akatoka akisema hakujua baadhi ya namba zake zilitoka wapi.

WakiliMdogo
Mambo mawili kabla hujamtumia mtu yeyote michoro. Angalia kama una jina la biashara au kampuni, maana mifuko mingi mikubwa inataka kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na isiyo na deni la kodi TRA. Hilo hakuna mshauri atakayelirekebisha wiki ya mwisho. La pili, kama kuna sehemu ya kaushio uliyoibuni mwenyewe, uliza habari za hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, BRELA mapema na mshauri asaini makubaliano ya usiri. Jambo likishatangazwa hadharani, kulilinda kunakuwa kugumu.

BintiZiwa (Mwanza)
Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Huyo wa asilimia nimemjibu kwamba hapana. Tony Elumelu naandika mwenyewe, shemeji yangu mwalimu atanisomea. Wiki hii nakwenda SIDO na daftari la ukodishaji, na nitapita TAFIRI. Nina jina la biashara tu, kwa hiyo usajili wa kampuni unaanza sasa. Mshauri wa Dar nimemwambia namlipia kusoma vigezo vya mfuko mmoja mkubwa kwanza, halafu makadirio ya fedha, kila kipande kwa risiti. Amekubali kugawa, risiti bado anazungukazunguka.

MzeeWaHesabu (Dodoma)
Marahaba binti. Akikataa risiti ya EFD, tafuta mwingine, wapo. Na katika mkataba andika kwamba makadirio atakupa kama faili la Excel lenye kanuni zake ndani, siyo PDF peke yake. Mfuko ukikurudishia bajeti ukitaka upunguze makaushio mawili, uifungue wewe mwenyewe usiku huohuo, badala ya kumpigia simu mtu ambaye ameshalipwa.