Fundi kanimiminia oili ya 20W-50 kwenye Toyota Altezza yangu, halafu ananiuliza theluji iko wapi!

Wakuu, nimetoka gereji sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule fundi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Nusu ya magari ya Moshi keshayaliza.

Nimempelekea Altezza RS200, injini 3S-GE. Oili nimenunua mwenyewe, 5W-30 sintetiki, nyepesi, nikaiacha juu ya siti na kitabu cha gari nimekifungua ukurasa wenyewe. Nikaenda kula mtori. Narudi, jamaa keshamimina 20W-50 ya pipa, nzito kuliko mtori niliotoka kula!

Namuuliza kulikoni, ananijibu: "Dogo, gari kuukuu linataka oili nzito. Hicho kitabu cha Japani, kule kuna theluji. Hapa theluji unaiona wapi?"

THELUJI UNAIONA WAPI! Na kaupa mgongo mlima Kilimanjaro! Hakuna hata wingu, kilele cha Kibo chote nje, cheupe, juu ya kofia yake. Bodaboda wakaangua kicheko, tena wananicheka mimi!

Hiyo injini ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kwenye kemshafti zote mbili, na mfumo huo unasukumwa na presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Ukiipa tope, asubuhi oili inachelewa kupanda. Nzito wape injini zilizochoka zinazokunywa oili, yangu hainywi hata tone. Nikamweleza yote hayo. Akarudia: theluji iko wapi? Mlima unatuangalia!

Kilichoyeyuka ni dumu langu la 5W-30. Halionekani.

Mangi Mkavu: Mkuu, theluji ya Kibo inazidi kupungua kila mwaka. Fundi kaona mbele.

Dereva Mstaafu: Mwanangu, gari la zamani hivyo unalidekeza ya nini? Corolla yangu tangu enzi za Mwinyi ni oili nzito ya SAE 40 tu.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Corolla yako haina VVT-i. Na huyu mtu kauliza theluji AKIWA CHINI YA KILIMANJARO.

Mtoto wa Pasua: Umemwachia gari yule, ukaenda kula? Umejitakia. Ukichoka niuzie rimu.

Mangi Mkavu: Mtori wa wapi huo lakini?

Mama Eli: Afadhali wewe ni oili. Mimi fundi cherehani kanishonea gauni la kipaimara la binti yangu, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi, eti ndiyo fasheni. Na hela kachukua yote!

Mtoto wa Pasua: Yule wa pale ngazini? Kitambaa changu cha suruali anacho tangu Krismasi.

Mama Eli: Huyo huyo! Kila siku "njoo kesho mama".

Dereva Mstaafu: Kumbe mpo wengi. Koti langu la msiba lipo kwake, na msiba wenyewe tulishamaliza.

Mama Eli: Baba, Jumatatu saa tatu tukutane pale mlangoni kwake. Njooni na risiti.