MMSE imepunguza kosa la makadirio lakini kasi ya data haijasogea, shida iko wapi?

Mawimbi_tu
Wakuu habari zenu. Hii wiki ya pili nakomaa na simulesheni ya mnara wa antena 64 unaohudumia simu 8, kila simu inarusha pailoti yake (ishara ambayo mnara unaijua tayari), zimepangwa zisiingiliane, mnara unapokea halafu unakadiria chaneli, yaani jinsi ishara inavyobadilika njiani hadi kila antena. Nilianza na LS (least squares, inagawanya tu mapokezi kwa pailoti), ishara ikiwa dhaifu makadirio yanakuwa mabovu sana, nikahamia MMSE (inatumia pia takwimu za chaneli na kelele ili wastani wa mraba wa kosa uwe mdogo) na kosa kweli limeshuka, SNR ya pailoti (uwiano wa ishara kwa kelele) ikiwa 0 dB, yaani ishara na kelele ziko sawa, LS inanipa 1 yaani kosa ni kubwa sawa na chaneli yenyewe, MMSE inanipa 0.5. Nikafurahi kweli. Sasa nikachora kasi ya data, kwa MRC na ziro fosingi (ZF), njia mbili za kuunganisha mapokezi ya antena zote, mistari ya LS na MMSE imelaliana kabisa, nimezuum mpaka basi ni mstari mmoja. Nikapandisha antena hadi 256, kosa kwa kila antena liko palepale. Kodi nimeipitia mstari kwa mstari sioni tatizo, naombeni msaada

fundi_antena
Usiifute hiyo kodi mkuu. Chaneli unaitengenezaje, ni randn tu (namba nasibu zisizohusiana) kwa kila antena?

Mawimbi_tu
Ndiyo, randn halafu nazidisha na mzizi wa β (nguvu ya wastani ya chaneli) ya kila simu.

fundi_antena
Basi kodi iko sawa. Chaneli ya hivyo antena moja haikwambii lolote kuhusu jirani yake, kovariansi (jedwali la jinsi antena zinavyohusiana) ina β kwenye ulalo (diagonal) na sifuri kwingine kote, kwa hiyo MMSE inachukua jibu la LS na kulizidisha kwa namba moja tu, SNR gawanya kwa SNR jumlisha 1. Kwa 0 dB ni nusu. Vekta yako imefupishwa ila bado inaelekea kulekule, na MRC inajali uelekeo, ukizidisha kila kitu kwa nusu ishara inapungua na kelele inapungua vilevile, uwiano haubadiliki. ZF hivyohivyo. Na 256 hazigusi kosa kwa sababu kila antena inakadiriwa kivyake.

Utamu wa MMSE uko kwenye antena zinazohusiana. Mnara uko juu, antena zimeachana nusu ya urefu wa wimbi, ishara ya simu inaingia kwa pembe nyembamba, hapo nguvu yote ya chaneli inakaa kwenye pande chache wakati kelele imetapakaa pande zote 64, so MMSE inazima zile pande ambazo simu haiwezi kutokea. Weka kovariansi yenye mtawanyiko wa pembe wa digrii 10 hivi halafu chora tena, mistari itaachana.

seli_jirani
Ukimaliza hapo ongeza seli ya pili (mnara mwingine na simu zake) inayorudia pailoti zilezile, nadhani ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwenye mada hii. Pailoti hazitoshi kumpa kila mtu, chaneli ikitulia kwa ms 1 kwenye upana wa kHz 200 una alama (symbols) 200 tu za kurusha, pailoti 10 zimeshakula 5%. Sasa kwa kovariansi yako ya randn, makadirio ya simu yako na ya simu ya jirani yenye pailoti ileile yanatoka kwenye vekta moja ya mapokezi, yanaelekea upande mmoja, na ukijumlisha antena ishara inakua na muingiliano wa jirani unakua nayo, so kasi inagota kwenye ukomo. Marzetta alilionyesha hilo 2010. Kovariansi zikitofautiana habari ni nyingine, 2018 Björnson, Hoydis na Sanguinetti walionyesha kwamba ukitumia MMSE kwenye makadirio na kwenye kupokea pia, ukihesabu na chaneli za seli jirani, ule ukomo unaondoka.

Mawimbi_tu
Aisee, wiki mbili nilikuwa natafuta kosa ambalo halipo. Sasa kwenye mnara halisi hiyo kovariansi naipata wapi?

fundi_antena
Unaikusanya kutoka kwenye makadirio ya LS ya bloku nyingi (vipindi ambavyo chaneli imetulia) kisha unatoa sehemu ya kelele, yenyewe inabadilika polepole kuliko chaneli kwa hiyo muda upo. Angalizo moja, sampuli zikiwa chini ya 64 wastani wako hauna inverse (kinyume cha jedwali, MMSE inakihitaji), na hata zikizidi kidogo bado inayumba. Mimi huwa nachanganya, sehemu inatoka kwenye wastani huo na sehemu ni ulalo wake peke yake, uzito wa kila moja najaribisha mpaka kosa lishuke. Anza na nusu kwa nusu.

Mawimbi_tu
Nimeweka digrii 10 nikarun usiku. Mistari imeachana, na pengo ni kubwa zaidi kule kwenye SNR ndogo. Naanza seli ya pili leo, asanteni sana wakuu