Mrejesho: plaiwudi ya boti haichaniki tena

Asanteni sana, mafundi. Niliuliza kwa nini plaiwudi ya milimita 6, ya boti ndogo ya kuvulia hapa Entebbe, inachanika ukingoni nikiikata kwa msumeno wa umeme wa duara. Mlisema kweli: meno yake hukata yakipanda juu, hivyo uso mzuri unalazwa chini. Kwa msumeno wa mkono ni kinyume chake.

Bapa la meno 24 nimelitoa, nimefunga la meno 60, nalo linapita unene wa plaiwudi kwa milimita 5 tu. Chini ya shiti nimepanga mbao nne, mbili kila upande wa mstari. Zikiwa mbili tu za pembeni, plaiwudi hubonyea katikati na kubana bapa, na hapo msumeno unaruka kukurudia. Hilo msilipuuze hata kidogo.

Vipande vya ubavu wa kushoto na wa kulia wa boti nimevibana pamoja, nikakata milimita 3 nje ya mstari, randa ikamalizia vyote kwa mpigo. Vimelingana kabisa.

Kiungo cha mteremko, yaani ncha za shiti mbili zilizochongwa mshazari na kugundishwa moja juu ya nyingine, kikiwa cha 1 kwa 8 (urefu mara 8 ya unene) hula milimita 48: shiti mbili za milimita 2440 hutoa 4832, si 4880. Unganisheni kwanza, ndipo mchore ubavu.