Magauni ya chapa au lebo ya duka? Ulinganisho kwa wenye maduka ya maharusi

MamaShela_Moshi
Wapendwa, naomba tulinganishe kwa kina. Duka langu liko Moshi mjini, nakodisha zaidi kuliko kuuza. Mnajua kwetu Desemba: Wachagga wanapanda kutoka kila kona kuja kula Krismasi nyumbani, na harusi zinafuatana hadi wiki ya kwanza ya Januari. Nina mtaji wa kuongeza mzigo kabla ya msimu huo. Njia ya kwanza ni magauni ya chapa kama Pronovias, Maggie Sottero au Justin Alexander, kwa sababu maharusi wanaotoka Dar wananionyesha picha zake kwenye simu. Njia ya pili ni kuagiza kiwandani Suzhou, China, magauni yenye lebo ya duka langu. Sina mpango wa kuacha moja kabisa. Nataka kujua kila upande upewe kiasi gani, na kwa sababu ipi.

BiHarusi_Sinza
Dada, kwanza tenganisha kukodisha na kuuza, maana majibu hayafanani.

Kwenye kukodisha, adui yako ni Jumamosi. Gauni linatoka Ijumaa, linarudi Jumatatu mkia umejaa vumbi na lesi imekanyagwa na visigino. Lifuliwe, lishonwe, likauke, ndipo litoke tena. Gauni moja halifanyi zaidi ya harusi moja kwa wiki hata kama maharusi watatu wanalilia. Sasa piga hesabu. Chukulia gauni la chapa limekufikia dukani kwa milioni 4 na unalikodisha laki 7. Linarudisha pesa yake harusi ya sita. Chukulia la lebo yako limefika kwa milioni 1.2 na unalikodisha laki 4 na nusu; harusi ya tatu limeshajilipa. Kwa bei ya gauni moja la chapa unatundika matatu yako, na Jumamosi ile ya baada ya Krismasi yote matatu yako kazini.

Kisha kuna kuchanika. Lesi ya gauni la chapa ikiharibika, huenda mtindo ule umeshaondolewa kwenye orodha na hupati kipande kinachofanana. Kiwanda chako unakiagiza mita mbili za ziada za lesi ileile pamoja na mzigo. Mimi kwenye kukodisha ningeipa chapa robo tu, tena ningeyaweka yale mazuri kweli, yapigwe picha na yamlete mtu dukani.

Kilimani_Shela
Mimi niko Nairobi na nauza, kwa hiyo naona upande wa pili. Chapa inauza uaminifu. Binti anayefanya kazi Dubai au London, mama yake akiwa Kiambu, hawezi kuniamini kwa picha tu. Akisikia jina analolijua, anatuma malipo ya awali.

Lakini elewa masharti kabla hujasaini. Kampuni hizi kwa kawaida zinataka oda ya kwanza ya sampuli kadhaa, halafu ununue mitindo mipya kila msimu ili ubaki kuwa muuzaji wao. Wao nao wanaweza kukuhakikishia kwamba hawatampa jirani yako mitindo hiyohiyo. Sampuli inakaa dukani, bi harusi anajaribu, halafu gauni lake linashonwa na kusubiriwa miezi minne hadi sita. Hapo ndipo kwetu panapouma, kwa maana wateja wengi wanakuja kamati ikishaona michango inaelekea wapi, na wakati huo zimebaki wiki nane.

Jambo lingine, gauni la chapa lina bei kwenye intaneti. Mteja anasoma lebo, anatafuta, anaona bei ya Uingereza isiyo na usafiri wala ushuru, anarudi kukuuliza mbona umempandishia. Lebo yako haina pa kulinganishwa, mazungumzo yanabaki kwenye gauni lenyewe. Ninapouza, nusu kwa nusu inanifaa. Kama ningekuwa nakodisha, ningekubaliana na Bi Sinza.

Nyuki_Minneapolis
Nafanya kazi kwenye duka la maharusi huku Marekani, niongeze la usalama. Jina la chapa ni mali ya mtu mwingine, na yanayompata yanakupata. Alfred Angelo ilikuwa jina kubwa huku. Julai 2017 ilifunga milango ghafla na kufilisika, na maharusi waliokwisha kulipia wakahangaika kutafuta magauni yao. Haikuwa na maduka yake tu, iliuza pia kupitia maduka ya watu wengine, nayo yakabaki na oda zisizofika. Tazama pia mbunifu wa magauni ya harusi Hayley Paige. Tangu mwisho wa 2020 alikuwa mahakamani na JLM Couture, kampuni iliyokuwa imemwajiri, kuhusu haki ya kutumia jina lake mwenyewe, na alilirudishiwa 2024, baada ya kampuni hiyo kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake 2023. Usiweke nusu ya mtaji kwenye jina moja. Ukitaka chapa, chukua mbili au tatu.

Mama Shela, kwa kukodisha kuna njia ya katikati ambayo hujaitaja: sampuli zinazouzwa kwa punguzo. Maduka ya huku na ya Uingereza huondoa sampuli za msimu uliopita ili kupisha mpya. Ni chapa halisi, na hakuna kusubiri kushonewa. Kasoro yake ni saizi, nyingi ni 10 au 12 za magauni ya harusi, ambazo ni ndogo kuliko saizi za nguo za kawaida zenye namba hiyo.

Fundi_Kihonda
Hilo la saizi ndilo linalonifanya nitetee lebo ya duka. Nimefumua magauni mengi ya chapa hapa Morogoro. Yameshonwa vizuri sana, sikatai, lakini dada zetu wengi wana kiuno chembamba na nyonga pana. Ukichukua gauni linaloingia nyonga, kiuno kinapwaya. Ukiagiza kwa lebo yako, unapeleka vipimo vyako mwenyewe. Mwambie wa kiwandani aongeze nyonga, aache akiba ya mshono ya kutosha kila ubavu, na mgongoni aweke kamba za kufunga badala ya zipu. Gauni la kamba linavaliwa na saizi tatu zinazofuatana bila mimi kugusa mkasi, na kwa mkodishaji hiyo ni pesa.

Ila usipeleke picha ya gauni la chapa useme "nishonee hili". Utapata kitu kinachofanana kwa mbali, na hiyo si lebo yako, ni wizi wa kazi ya mtu. Peleka mchoro, kipande cha lesi na vipimo. Lipia sampuli moja kwanza, ivalishe mtu, mfanye akae, ainame, acheze, ndipo uagize zilizobaki.

Bi_Kizingo
Ndugu zangu, huku Mombasa kuna jambo ambalo hesabu ya Sinza haijaligusa. Kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi, wanakuja wanawake walewale wiki baada ya wiki. Gauni likitokea mara ya pili mtaa mmoja, linatambulika kabla bi harusi hajaketi. Kwa hiyo matatu yanayofanana hayanisaidii. Nimeagiza kwa lebo yangu magauni yenye sketi ya juu inayotoka, mikono mirefu ya kuvulika na mikanda tofauti. Gauni moja linatoka kwa sura tatu. Chapa za Ulaya ninazo chache, na nyingi zinahitaji kuongezwa mikono na kufunikwa kifua kabla hazijafaa kwa wateja wangu.

BiHarusi_Sinza
Bi Kizingo, hiyo sketi naichukua, asante. Mama Shela, usisahau serikali. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo. Juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Kila dola 100 ya gauni pamoja na usafiri na bima inafika karibu 159, kabla ya tozo ndogondogo. Gauni la bei kubwa linabeba ushuru mkubwa, hilo nalo lihesabu upande wa chapa. Na lebo yako isajili kama alama ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: daraja la 25 ni la nguo, na ukodishaji wa nguo uko daraja la 45. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar wana usajili wao peke yake.

MamaShela_Moshi
Nawashukuru wote. Naelekea hivi: robo ya mtaji iende kwenye sampuli za chapa zenye punguzo, za majina mawili tofauti, na inayobaki iende kwenye lebo yangu kwa vipimo vya Fundi na sketi za Bi Kizingo. Swali limebaki moja. Ili mzigo uwe Moshi mwanzoni mwa Novemba, nianze lini?

Kilimani_Shela
Sampuli iwe mkononi mwako Mei, dada. Kurekebishana na kiwanda kunakula mwezi mzima, kushona mwezi mmoja hadi miwili, na meli zaidi ya mwezi, bado bandari. Ukichelewa hadi Agosti utalazimika kuleta kwa ndege, na gauni la harusi likiwa na vitambaa vyake vya ndani lina kilo nyingi. Usipange oda kuzunguka Mwaka Mpya wa Kichina pia, viwanda vinafungwa kwa wiki kadhaa na mafundi wengine hawarudi palepale.