Gari la shamba Kirua Vunjo: kirikuu fowili, toyo au Hilux ya zamani?

Mangi Mdogo
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kabla sijalipia kitu. Tuna kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga) Kirua Vunjo kule juu, ndizi, kahawa kidogo, parachichi zimeanza kuzaa sa hivi, na ng'ombe wa maziwa watatu wa ndani. Shamba la chini liko Chekereni tunalima mahindi, na mnajua wenyewe mahindi yakishavunwa mabua ndo chakula cha ng'ombe kwahiyo lazima yapande mlimani kila msimu. Mpaka leo tunakodi, na mwenye gari anakuja anapotaka yeye, msimu wa mabua tunamgombania tarafa nzima, mvua ikinyesha anazima simu kabisa.

Bajeti milioni 15, naweza kujikamua kidogo. Nyumbani hatujakubaliana, mzee anataka Land Rover 109, bro yuko Dar anasema chukua toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, uache mambo makubwa, mi nawaza kirikuu fowili, kale kapikapu kadogo ka Kijapani kanakovuta kwa tairi zote nne. Barabara ni lami, afu vumbi na mawe, afu kipande cha mwisho ndo balaa, kichochoro katikati ya masale ya uzio, kimepanda haswa na udongo ni ule mwekundu, masika hata mguu unateleza. Mizigo ni maziwa kila asubuhi, mabua na majani, samadi, ndizi siku za soko Mwika au Himo, na magunia ya mahindi mara moja kwa msimu. Wenye magari ya kazi naomba mseme ukweli, sio yale ya kuoshwa jumamosi.

Mmachame wa Chini
Mangi chukua kirikuu fowili usisumbuke. Ninayo Suzuki Carry, kazi yake ni kama hizo zako, ndizi na majani na kushuka Kwa Sadala sokoni. Kitu cha kwanza watu hawakifikirii ni upana, hivi vigari Wajapani wamevibana kwa sheria, visizidi mita 1.48 upana na injini isizidi cc 660, ndo maana kinapita vichochoro vya vihamba ambavyo Hilux inachuna masale pande zote afu ikifika mwisho haina pa kugeuzia unarudi rivasi mpaka barabarani na jirani anakuangalia.

Ila sasa nisikudanganye, kwa karatasi kinabeba kilo 350 tu. Najua utaniambia mbona Mbuyuni pale zimebeba hadi zimekaa chini, ndio zinabeba, tambarare. Mlima ni habari nyingine. Angalia mzigo wako vizuri mangi, mabua ni makubwa ila mepesi, unapandisha mpaka juu ya kichwa cha gari na bado uzito upo sawa, unachohitaji ni kamba na kuchomelea vyuma bodi iwe ndefu. Samadi mbichi ni kinyume, ukijaza bodi nusu tu umeshamaliza kilo zako, ukijaza pomoni na ule mwinuko wako utanusa klachi kabla hujafika kwenye kona. Magunia ya mahindi ya kilo mia ni matatu, la nne ni ujeuri.

Mama Ng'ombe Akheri
Mwanangu mi niseme kuhusu toyo maana naona wote mtakimbilia magari. Tunalo la magurudumu matatu huku Akheri, mume wangu alilinunua kwa ajili ya machicha na pumba na kupeleka maziwa, na kwa kweli kwenye mafuta halina mpinzani, na likiharibika hata fundi wa bodaboda wa hapo njiani anakutengenezea unaendelea. Kwa sehemu ya kawaida nalipenda sana. Lakini hicho kipande chako cha mwisho ulichokieleza kimenitia wasiwasi, toyo lina tairi moja tu mbele, ukiweka mzigo nyuma afu ukapanda mlima ile tairi ya mbele inakuwa nyepesi, unakata usukani lenyewe linaenda moja kwa moja, na kwenye utelezi ndo kabisa. Sisi mzigo mzito tunaupanga mbele karibu na dereva na mlima mkali watoto wanashuka wote. Na kushuka je? Kushuka na samadi kwenye udongo mwekundu umelowa mimi hata nikilipwa sipandi.

Afu maziwa. Dumu lisipojaa linasukwasukwa njia nzima, ukifika kwa mnunuzi maziwa yameshaanza kutengeneza siagi. Jaza mpaka juu ufunge kwa mpira. Mvua unanyeshewa wewe na dereva wako. Muulize bro wako wa Dar kama anafahamu masika ya mlimani au ameshasahau.

Fundi Spana Majengo
Naingia kwenye hizi kirikuu maana nazifungua kila siku.

Usiseme tu nataka Carry, soma kibati cha modeli. Ikiandikwa DD51T au DB52T au DA52T hizo zina injini F6A, inatumia mkanda wa taimingi. DA62T na DA63T zina K6A, hiyo ni cheni. Mkanda Japani wanabadilisha kwenye kilomita laki moja, wewe unanunua gari limeshakaa kwa watu wawili watatu, ukiambiwa "umebadilishwa juzi" usimbishie, mpe pole, ubadilishe. Cheni haina hiyo ratiba lakini inataka oili safi kwa wakati. Wengi wanaoniletea cheni inapiga kelele oili imekuwa lami.

Pili kutu. Gari nyingi za fowili zimetoka sehemu za theluji kule Japani, wanamwaga chumvi barabarani, juu inang'aa chini chesesi imeliwa. Lala chini na nyundo ndogo ugonge, sehemu za kufungia springi na chini ya bodi. Ikitoa sauti ya bati ondoka.

Tatu, fowili ya hizi nyingi ni ya kuweka na kutoa. Ukifika lami toa. Kwenye lami kavu mbele na nyuma vinavutana, ukikata kona unasikia gari linagoma, hapo ndo gia za boksi la mbele zinakufa. Watu wanasahau wanakuja nalo na fowili mpaka Moshi mjini. Na tairi zote nne saizi moja na ziwe zimelika sawa, ya kiwandani ni 145R12, tafuta zenye kashata, vipara usiweke hata kama zina mwaka mmoja.

Kuna baadhi zilitengenezwa kwa wakulima wa Japani zina loki ya difu ya nyuma, ukiifunga tairi zote mbili za nyuma zinazunguka pamoja. Ukiipata hiyo kwa kichochoro chako cha utelezi nunua hata kama rangi imechujuka.

Chalii Ngaramtoni
Oya mwana hao wanakudanganya na vitoi. Hilux chalii wangu, LN106, injini ya 3L, cc 2,779, dizeli isiyo na turbo wala kompyuta, springi za majani mbele na nyuma. Inabeba tani moja inacheka. Dingi yangu analima viazi na karoti huku juu na hio gari imekuta mimi nikiwa shule ya msingi na bado ipo kazini. Kirikuu ukiipa gunia nane inalia.

Ila angalia hapa, kuna zile zina 2L-T yenye turbo, hizo zikichemka tu silinda hedi inapasuka, achana nazo hata upewe bei ya kutupa. Na ikiwa tupu nyuma inakuwa nyepesi inacheza kwenye tope, sisi tunaacha viroba vya mchanga kule nyuma masika yote.

Inshu ingine, kama utaanza kuleta parachichi soko la Kilombero hapa Arusha utakuwa unavuka halmashauri, kuanzia 2017 sheria ilisema mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ule ushuru wa mazao. Kuna vijana wa geti wanajisahaulisha. We waambie kwa upole tu.

Mmachame wa Chini
@Chalii Ngaramtoni Hilux ya milioni 15 ya aina hiyo unayoisifia utaipata wapi sa hizi? Waliozikamata hawaziachii, zinazouzwa ni zile zimeshachoka na wewe unalijua hilo. Na huko kwenu mashamba yako wazi, gari linageuka popote. Huyu ana kichochoro.

Chalii Ngaramtoni
Hapo kwenye bei umenikamata kidogo 😂 ila bado. Gunia nane.

Kijana wa Usa
Mbona hamna aliyetaja TownAce pickup? Inabeba mara mbili ya kirikuu na zaidi, spea zake zimejaa, fundi yeyote anaijua. Shida ni kwamba nyingi ni za kusukuma nyuma tu, fowili zipo ila za kutafuta kwa tochi. Kwa shamba la Chekereni peke yake ningekwambia hiyo hiyo na mjadala ufungwe. Kwa mlima wako sijui.

Mangi Mdogo
Asanteni sana wakuu, mmenifungua. Nimekaa na mama tukapiga hesabu ya mizigo kwa uzito kama alivyosema Mmachame, kumbe karibu wiki zote za mwaka hatuvuki kilo mia mbili kwa safari, maziwa, majani, mikungu kadhaa. Mizito ni miwili tu, samadi na mahindi ya kuvunwa. Sasa swali, kuna haja ya kununua gari la tani moja kwa ajili ya mahindi ya msimu mmoja? Na kwa mzee nimwambie nini, yeye anasema kirikuu ni kibiriti, 109 ndo ilikuwa inapandisha watu na mbege mlimani enzi zake.

Mama Ng'ombe Akheri
Hakuna haja baba. Mahindi kodi Canter siku moja ishushe kila kitu barabarani, afu kirikuu kimalizie kupandisha kichochoroni kidogo kidogo, si lazima yafike yote siku hiyo. Na samadi usibebe mbichi! Iache ikauke chini ya migomba, ifunike na majani isinyeshewe, ikikauka inapungua uzito sana, unabeba kitu cha maana badala ya kubeba maji. Hilo hata kama una lori.

Mzee mpeleke akaione yeye mwenyewe, akae mbele, asikae nyuma kwenye bodi.

Land Rover Damu
Mzee anayo pointi yake msimcheke. 109 ni springi za majani, chesesi ya chuma, bodi ya alumini haishiki kutu, na injini ya 2.25 unaitengeneza kwa spana chache njiani. Ilipofanyika ile festival ya Land Rover Arusha 2024 mjini hapakutosha, zilikuja kila kona, na si zote zilikuwa za kuonyesha, nyingine zilirudi shamba kesho yake. Lakini uzalishaji wa Series III uliisha 1985. Unanunua gari lenye umri wa babu, na ya petroli inakunywa. Kwa maziwa ya kila asubuhi mimi mwenyewe ninayezipenda sikushauri. Kama una karakana nyumbani na muda, hiyo ni habari nyingine.

Fundi Spana Majengo
Mangi kwa hesabu yako hiyo nunua kirikuu fowili DA63T gia za mkono. Usichukue ya otomatiki kwa mlima wenu, kushuka unataka gia ikushikilie. Unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia, breki unagusa tu. Wanaoshuka niutro kuokoa mafuta breki zinachemka zinagoma, na hizi gari breki za nyuma ni ndogo. Kingine, ukiwa juu kule hewa ni nyepesi, injini ndogo isiyo na turbo inapoteza nguvu, kwahiyo usiijaribie hapa mjini halafu ukasema ipo vizuri. Weka kilo mia tatu, pandisha nayo mpaka kwenye kichochoro chenyewe, muuzaji akikataa ujue anajua kitu.

Watu watakushauri uongeze springi. Ongeza jani moja nyuma sawa, ila jua springi haiongezi breki wala haiongezi klachi.

Na kama umepanga kubebea majirani kwa hela pita LATRA uulizie leseni ya mzigo, na bima iseme biashara, maana ajali ikitokea na bima yako ni ya matumizi binafsi utaachwa na mzigo wa watu mkononi.

Kijana wa Usa
Na uhamishe kadi TRA mapema. Watu wananunua kirikuu kwa mkataba wa karatasi wanakaa na jina la mtu miaka, muuzaji akifariki au akiwa na deni unaanza kuzunguka na ndugu zake. Kama utaagiza Japani badala ya kununua ya hapa, TRA wana kikokotoo cha ushuru wa magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, weka modeli na mwaka uone kodi kabla hujatuma hela nje, kodi inaweza kukuacha mdomo wazi.

Mangi Mdogo
Nimeona moja DA63T hapa Moshi, fowili, gia za mkono, muuzaji anasema haijafanya kazi ya mizigo. Bodi imejaa michubuko ya matofali sijui yeye anaita nini mizigo. Fundi jumamosi upo Majengo nikuletee? Mzee nae anasema anakuja.

Fundi Spana Majengo
Nipo. Ila msije nalo kwangu kwanza, mimi nakuja kwa muuzaji saa moja asubuhi, mwambie asiliwashe kabla sijafika. Akiwa ameshalipasha moto tukikuta boneti la moto tunaahirisha mpaka jumatatu.

Mama Ng'ombe Akheri
Hapo kwenye boneti fundi umenichekesha, injini si iko chini ya kiti!

Fundi Spana Majengo
Mama umenishika 😂 chini ya kiti, ndio. Mzee akikaa akisikia joto aseme.