Binti wa miaka 16 California anataka kujitoa chini ya wazazi kisheria: aanzie wapi?

Mpitanjia_SD
Wadau, habari. Binti ana miaka 16, yuko San Diego kwa shangazi yake. Mama yuko Texas na hana pingamizi, baba bado yuko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Binti anafanya kazi mgahawani saa 20 kwa wiki. Masharti ni yapi, na baba atapewaje taarifa?

Karani Mstaafu
Kifungu cha 7120 cha Sheria ya Familia ya California: awe ametimiza miaka 14, aishi mbali na wazazi kwa hiari yake nao wawe wameridhia au hawakukataa, aendeshe fedha zake mwenyewe, na kipato kisitokane na uhalifu. Fomu ya maombi ni EM-100, ya mapato na matumizi ni EM-115. Ada ya mahakama ikiwashinda, jazeni FW-001 kuomba kusamehewa ada hiyo.

Wengi hukwama kwenye EM-115. Ukiandika kodi sifuri, chakula sifuri, hakimu anaona mtoto bado analelewa, ila mlezi ndiye amebadilika. Kama kweli anamchangia shangazi kodi, wawe na makubaliano ya maandishi na risiti za kila mwezi, pamoja na hati za mshahara. Mshahara wa mkononi usio na karatasi mahakamani ni kama haupo.

Kuhusu baba, msiandike "anwani haijulikani" ilhali wanaongea WhatsApp kila Jumapili. Andikeni alipo, hakimu aamue apewe taarifa kwa njia gani. Tamko la mahakama la kumtoa chini ya wazazi likipatikana kwa udanganyifu linaweza kufutwa.

Bi Mwanasheria
Swali langu ni moja: anahitaji nini hasa? Kama ni shule na hospitali, shangazi anajaza tu hati ya kiapo ya mlezi chini ya kifungu cha 6550 cha sheria hiyo hiyo. Haipiti mahakamani. Na tamko lenyewe halimpi kila kitu: shule bado ni lazima, kibali cha kazi bado anakihitaji, kura ni hadi afike 18.

Mpitanjia_SD
Anataka kupanga chumba kwa jina lake. Mama naye ana usaili wa uraia hivi karibuni, sijui kama vinagusana.

Bi Mwanasheria
Vinagusana sana! Mtoto mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) hupata uraia moja kwa moja mzazi wake akiwa raia, mradi hajafika 18 na yuko chini ya malezi ya kisheria ya mzazi huyo, tena anakaa naye. Tamko la mahakama linakata malezi ya kisheria. Na hata bila tamko, binti yuko San Diego na mama yuko Texas, hilo la kukaa naye tayari lina shaka. Mwoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupeleka EM-100 kwa karani. Chumba kinaweza kusubiri, uraia akishafika 18 hautapatikana tena kwa njia hiyo.