Mji mkuu ni wa wenye magari tu? Malalamiko ya wana-Tabora tuliokwenda kuitembelea Dodoma kwa daladala

Ndugu wanajamvi,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira ambayo haijapoa tangu turudi Tabora, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa kuwa jambo lenyewe linamgusa kila Mtanzania asiyemiliki gari. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa kata ya Ng'ambo, Tabora, kiliamua kwamba badala ya kugawana faida yote ya mwaka, sehemu yake itengwe ili wanachama waende kuuona mji mkuu wa nchi yao. Hatukuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali wala faili la mirathi la kufuatilia wizarani. Tulikwenda kutembea tu, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba ndani ya jiji tutapanda daladala kama wanavyopanda wakazi wake, kwa sababu fedha ya kukodi gari hatukuwa nayo na kwa sababu mji unaujua vizuri zaidi ukikaa kiti kimoja na wenyeji. Tulichokuta ni kwamba Dodoma inamsubiri mgeni anayeshuka kwenye gari lake mwenyewe, na kwamba mwananchi aliyeshika nauli mkononi hana mahali pa kusoma hata neno moja la kumwelekeza aendako.

Tulisafiri kwa treni, ile ya reli ya kati ya zamani, kwa sababu reli ya kisasa inayobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024 bado haijatufikia sisi, na kipande cha Makutupora hadi Tabora kingali kinajengwa. Miongoni mwetu alikuwemo mzee mstaafu wa reli ambaye njia nzima alikuwa akitaja stesheni kabla hatujazifikia: Goweko, Malongwe, Itigi, Saranda, Bahi. Nataja jambo hili kwa makusudi. Reli hiyo ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na hata stesheni yake ndogo iliyo katikati ya pori, ambako anashuka mama mmoja na kuku wake, ina ubao wenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, ili abiria ajue amefika wapi bila kumuuliza mtu. Vituo vya daladala tulivyopitia katika makao makuu ya nchi havikuwa na jina. Vingine havikuwa hata na kibanda, ila kundi la watu waliosimama kando ya barabara, na hao ndio waliotujulisha kwamba hapo ni kituo.

Sikatai kwamba magari yenyewe yameandikwa ruti mbele. Lakini maandishi hayo yanataja mwanzo na mwisho wa safari, nayo yanamfaa mtu aliyekwisha kuijua njia. Mgeni anataka kujua gari lipi linapita Bunge, lipi linapita msikiti mkubwa uliojengwa kwa ufadhili wa Libya, lipi linamfikisha karibu na Makumbusho ya Jiolojia. Hakuna ubao stendi, hakuna ramani ukutani, hakuna orodha ya nauli mahali ambapo abiria anaweza kuiona kabla hajaingia garini. Kwa hiyo unamuuliza mpigadebe, naye anajibu kulingana na gari linalomlipa; ukimuuliza kijana wa bodaboda, atakwambia kwa upole kabisa kwamba huko hakuna daladala. Tulitaka kwenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, tukapewa majibu yanayopingana na watu waliosimama hatua chache baina yao, na tulipopata gari hatimaye, nauli tuliyotajiwa sisi haikuwa ile aliyolipa jirani yetu wa kiti. Nilipomhoji konda kuhusu tofauti hiyo, alinijibu kwamba wageni wana maswali mengi.

Jambo lililonikera kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa safari ya Mji wa Serikali. Kila mmoja wetu alitaka kuuona. Tumeusikia redioni tangu ulipozinduliwa mwaka 2019, umejengwa kwa kodi zetu, na uko Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Tulipanda gari ambalo konda wake alituhakikishia kwamba linafika. Kabla hatujafika, abiria walipopungua, gari likasimama, na tukaambiwa kwamba wanaoendelea wahamie gari la nyuma. Gari la nyuma lilichelewa kuja, na lilipokuja lilitaka nauli upya, ingawa ile ya kwanza tulikuwa tumekwisha kuilipa kwa safari nzima. Kukatisha ruti si jambo geni kwa Mtanzania yeyote, nami nimewahi kukatishiwa katika miji mingine, lakini kufanyiwa hivyo kwenye barabara inayoelekea wizara zote za nchi, mchana kweupe, mbele ya askari wa usalama barabarani, ni dharau ya kiwango kingine.

Tuliposhushwa barabarani tukagundua kwamba kufika barabarani si kufika. Majengo ya wizara yametawanyika katika eneo kubwa, barabara za ndani ni pana na nzuri, na zote zimekadiriwa kwa kipimo cha gari. Jua la Dodoma mnalijua. Bibi mmoja wa kikundi chetu, ambaye aliahidi kuwasimulia wajukuu jinsi wizara zinavyofanana, alitembea hadi akaomba kukaa chini ya mti mchanga uliokuwa na kivuli cha ukubwa wa ungo. Wakati wa kurudi, mabasi ya watumishi yalitupita yakiwa yamejaa, magari ya serikali yalitupita yakiwa na mtu mmoja mmoja ndani, na sisi tukabaki barabarani hadi giza likaanza kuingia. Nawauliza wanaoishi huko: mkulima wa Sikonge au Kaliua aliyeitwa wizarani na hana gari, anapitia hayahaya?

Wapo watakaosema kwamba mji ungali mchanga na tuwe na subira. Subira hiyo ina historia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na kazi ilitarajiwa kukamilika ndani ya miaka kumi. Mpango wa mji uliotayarishwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, nchini Kanada, haukumweka mwenye gari mbele. Uliweka mbele watu watembeao kwa miguu, waendesha baiskeli na mabasi yenye njia zao maalumu, huku makazi yakipangwa kwa namna ambayo mtu angefika kituo cha basi kwa miguu. Huo ndio mji ambao Mwalimu Nyerere na wenzake waliukubali, mji wa mtu wa kawaida. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, ikatungiwa sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu mwaka huohuo, na leo inajengewa barabara ya mzunguko ya nje yenye urefu wa kilomita 112.3, ambayo bila shaka itayasaidia malori yasiingie katikati. Siichukii barabara hiyo. Ninachouliza ni kwa nini mji wenye uwezo wa kuzungushiwa barabara ya urefu huo unashindwa kusimamisha vibao vya vituo, kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa hapa Tabora na mchora mabango wake wanaweza kuimaliza kwa gharama ndogo kuliko posho za vikao vya kuijadili.

Nyerere Square tuliifikia bila taabu kwa kuwa iko katikati, tukapiga picha mbele ya sanamu ya Mwalimu, tukapumzika. Bunge tuliliona kwa nje. Ruti ya Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007 na kutawanyika juu ya vilima, ilituhudumia vizuri kiasi cha kutushangaza: magari yalikuwa mengi, hayakukatisha, na nauli ilikuwa ileile kwa wote. Nadhani sababu ni kwamba wanafunzi ni wengi, wanajua haki yao na wana sauti. Basi kumbe inawezekana.

Wenzetu wachache walikuja siku iliyofuata kwa basi, nao walishushwa stendi kuu ya Nanenane, huko Nzuguni, mbali na katikati ya jiji. Stendi ni kubwa na safi, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini walifika usiku, daladala zilikuwa zimekwisha, na bei ya bajaji waliyotajiwa hadi nyumba ya wageni tulimofikia haikuwa na uhusiano wowote na umbali. Mtu anapoihamisha stendi kutoka katikati ya mji, anachukua pia wajibu wa kuhakikisha kwamba abiria wa basi la mwisho ana namna ya halali ya kuingia mjini.

Nimekwisha kulizungumza jambo hili na watu kadhaa, na majibu yao nayajua, kwa hiyo nayajibu mapema. Kwamba tungekodi Coaster: tungekodi, lakini hoja yangu ni usafiri wa umma, na anayeniambia nikodi gari anakubaliana nami kwamba usafiri wa umma haufai. Kwamba tungetumia ramani ya kwenye simu: nusu ya kikundi chetu wana simu za kitochi, na hao wenye simu kubwa walionyeshwa barabara za magari bila kuonyeshwa daladala ipi inapita wapi. Kwamba watu wa Tabora tusafishe kwetu kwanza, kwa kuwa mgeni anayetaka kwenda Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone atalazimika kupanda bodaboda: hilo ni kweli, nalo linaudhi, na linastahili uzi wake. Tabora nayo iliwahi kuwa makao ya serikali, ile ya Wajerumani, mwaka 1916, kabla ya majeshi ya Wabelgiji kuingia mwezi Septemba, lakini heshima hiyo ilipita upesi na hakuna aliyetujengea mji kwa fedha ya taifa zima. Dodoma imejengewa. Anayeishi Kigoma, Newala au Tarime ameichangia, na ana haki ya kuizunguka kwa nauli ya kawaida.

Linaloumiza zaidi ni kwamba Dar es Salaam, ambayo si makao makuu tena, inasomeka kwa mgeni kuliko Dodoma. Mwendokasi, pamoja na msongamano wake unaojulikana, una vituo vyenye majina tangu ulipoanza mwaka 2016, na mtu wa kutoka Urambo ambaye hajawahi kufika jijini anaweza kusoma Jangwani, Fire, Posta ya Zamani, Kivukoni, akashuka anapotaka na kwenda kuangalia bahari. Akitaka kuona Kijiji cha Makumbusho, eneo lenyewe na stendi yake ya daladala vinaitwa Makumbusho, kwa hiyo konda hawezi kumdanganya.

Ninachodai hakihitaji mkopo wa nje. Kila kituo kiandikwe jina. Kila stendi iwe na ubao unaoonyesha ruti, maeneo muhimu zinakopita, nauli zilizoidhinishwa na saa ya gari la mwisho. Gari linalokatisha ruti lichukuliwe hatua siku hiyohiyo, kwa namba zake, na abiria arudishiwe nauli. Na ruti ya Mtumba iingie ndani, izunguke kwenye wizara, badala ya kumtupa mwananchi barabarani. Nimekwisha kuandika barua kwa ofisi inayohusika, ikapokelewa kwa muhuri, na hadi leo sijapata jibu, ndiyo maana nimekuja hapa.

Kikundi kimepiga kura kurudi wakati wa Bunge la bajeti, linaloanza mwezi Aprili na kwenda hadi mwishoni mwa Juni, kwa kuwa wanachama wanataka kuketi kwenye jukwaa la wageni na kumsikia mbunge wetu akisema au akinyamaza. Kwa hiyo nawaomba wakazi wa Dodoma mliomo humu mniandikie kwa usahihi, si kwa kukisia: gari la kwenda Bungeni na lile la Mtumba yanapakia wapi, yameandikwa nini mbele, nauli halali ni kiasi gani, na gari la mwisho kurudi mjini linaondoka saa ngapi. Nitayachapa majibu yenu kwenye karatasi na kumpa kila mwanachama nakala. Na kama humu yumo mtu mwenye dhamana juu ya jambo hili, asinijibu kwamba mchakato unaendelea. Anitajie tarehe ambayo kibao cha kwanza kitasimamishwa, na kituo ambapo kibao hicho kitawekwa.